Usingizi wa Mjukuu

Mtoto wa Mwanakombo alikuwa halii, na sifa zote zilimwendea bibi yake mzaa baba.

Kila jioni jamaa walikusanyika kwenye vioo vya simu zao, huyu yuko Muheza, yule yuko Mombasa, wakaonyeshwa kitoto kilichofungwa khanga, kimelala fofofo. Wakasema huyu kweli ni mjukuu wa injinia. Wao walikuwa na wajukuu waliokesha na kukesha nao nyumba nzima, lakini huyu alizaliwa, akalia kidogo kwa adabu, kisha akajilalia zake. Saumu, bibi huyo injinia, alikuwa amezuiwa kuingia chumba cha mzazi kwa sababu ya mafua. Alizipokea sifa hizo akiwa kwake, leso puani, na hakuikana hata moja. Katika mambo mengi alikuwa mwanamke wa kiasi, ila katika hili alijiachia.

Maana Machweo yalikuwa kazi ya mikono yake. Mji wa Kwambegu uliishi kwa vioo. Mashamba ya mkonge yalipogeuka majengo ya kufanyia kazi za nchi za mbali kwa mtandao, watu walikodolea mwanga mweupe mchana na usiku mpaka wakasahau kulala. Macho yaliwawasha, vichwa viliwagonga, watoto walisinzia darasani, na madereva walisinzia pabaya zaidi. Mbaruku, mume wa Saumu, alikuwa dereva wa lori. Usiku mmoja alikaa na simu yake mpaka usingizi ukampita, alfajiri akapanda lori, na hakulifikia daraja. Saumu akamzika, akakaa eda, na siku ya kutoka edani alikuwa tayari na michoro ya Machweo.

Mwanga wa kioo una sehemu yake ya buluu, na sehemu hiyo ndiyo inayoudanganya ubongo kwamba bado ni adhuhuri. Ubongo ukidanganyika, hauachii usingizi uje. Saumu alipitisha ishara kwenye nyaya za umeme za mji mzima. Kila simu, kila taa, hata vioo vya madirisha vilivyouzwa Kwambegu, vilikuwa na kisikizi kidogo ndani. Jua likizama, ishara inapita, na kila kisikizi kinaichuja ile buluu mpaka mwanga unabaki na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mng'ao unapungua, macho yanapumzika, watu wanapiga miayo kabla hawajamaliza kula. Ajali za alfajiri zilipungua hadi watu wakaacha kuzisimulia.

Mwanzoni kulikuwa na vibali vya kuachiwa mwanga mweupe. Walipewa wanafunzi wa mitihani, wakapewa wenye saluni, na mwishowe hata banda la kuonyesha mpira likawa na barua ya daktari. Zahanati nayo ilikutwa imewajaza vijana kwenye chumba cha sindano, wanatazama fainali kwenye kioo chenye kibali. Saumu alikasirika, na Saumu akikasirika hufanya kazi vizuri mno. Alifuta vibali vyote kwa mkupuo mmoja, vya mwenyekiti, vya polisi, vya zahanati, vioo na taa zake. Baraza likaweka sheria kwamba Machweo hayafunguliwi bila kura ya wajumbe wote. Yakifunguliwa na mtu mmoja kwa akili zake, mkataba uliowabana wenye makampuni ya vioo waweke visikizi unavunjika palepale, na wenye makampuni walikuwa wanaisubiri siku hiyo kwa hamu.

*

Mafua yalipoisha Saumu alikwenda nyumbani kwa akina Mwanakombo, alasiri ikielekea kwisha, na ndizi mkononi. Bi Kidawa, mama yake Mwanakombo, ndiye aliyekuwa akimlea mzazi, na aliilinda arobaini kama askari wa benki. Alimnawisha Saumu mikono mara mbili, akamnusa kama bado ana mafua, ndipo akamfungulia mlango.

Chumba kilikuwa giza. Bi Kidawa alikuwa ametundika khanga mbili dirishani, moja juu ya nyingine, upepo na macho ya watu visimfikie mtoto. Hivyo ndivyo alivyolelewa yeye na hivyo ndivyo alivyomlea Mwanakombo, na hakuona sababu ya kubadili. Mchana chumba kilikaa gizani, jioni taa ikawashwa ili mtoto aonyeshwe ndugu. Hata Nesi Veronika wa zahanati alimkagua jioni kwa kioo, akishamaliza foleni ya wagonjwa, na kila jioni alisema mtoto ni mzuri.

"Ananyonya?" Saumu aliuliza.

"Jana alinyonya kidogo," Mwanakombo alijibu. "Leo kila nikimwamsha anakataa, mama. Analala tu."

"Mwache alale, mwanangu. Wewe pia ulale, bahati kama hii haiji mara mbili," akasema Bi Kidawa, akamtazama Saumu kwa shukrani kabisa. "Mzaa chema, umetupumzisha."

Saumu alimpakata. Mtoto alikuwa mlaini kupita kiasi, kichwa kikianguka huku na huku, na yeye moyoni akauita ulaini huo raha. Siku ya saba, siku ya kupewa jina, ilikuwa bado haijafika, lakini wote walijua ataitwa Mbaruku. Saumu alitaka picha moja ya mchana ya kumpelekea mwanawe Hafidhi, baba yake mtoto, aliyekuwa kwenye meli za mizigo huko mbali. Picha zote alizokuwa nazo Hafidhi zilikuwa za jioni, za rangi ya chai. Bi Kidawa alinung'unika kuhusu khanga zake, lakini bibi mzaa baba naye ana haki zake, kwa hiyo ikatolewa moja, kisha ya pili.

Jua la jioni likaingia moja kwa moja kitandani.

Saumu alidhani jua ndilo lenye rangi ile. Alimgeuza mtoto upande wa kivuli, na rangi ikabaki. Uso ulikuwa wa njano, kifua cha njano, nyayo za njano. Alimfunua kope kwa kidole gumba, na weupe wa jicho ulikuwa kama kiini cha yai la kienyeji. Akampiga kidole kwenye unyayo, kama alivyokuwa akimfanyia Hafidhi mdogo ili aamke anyonye. Mguu haukujivuta. Akampiga tena, na mguu ukalala tu kwenye kiganja chake.

Aliwaita waje kutazama. Mwanakombo akajiinua kitandani, Bi Kidawa akaja akifuta mikono, na wakati huohuo adhana ya magharibi ilianza na ishara ikapita. Kioo cha dirisha kikageuka rangi, taa ikajiwasha na rangi yake ileile. Mtoto, shuka, ukuta na mikono ya Saumu mwenyewe vikawa kitu kimoja.

"Mbona ni mzuri tu, mzaa chema," Bi Kidawa alisema, akiinama juu ya jicho ambalo Saumu bado alilishikilia wazi. "Macho haya yana nini?"

Saumu alitazama pia. Hakuona kitu. Alikuwa ameiona njano ile kwa macho yake mwenyewe sasa hivi, na chombo alichokibuni yeye kilikuwa kimeipaka dunia nzima rangi ileile, ikapotea humo. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku aliyoletewa habari za lori. Siku ile walau hakuwa na mkono katika jambo.

"Vaa viatu, mwanangu," alimwambia Mwanakombo. "Tunakwenda zahanati."

Bi Kidawa alisimama mlangoni. Akasema mzazi hatoki nje hata siku ya saba haijafika, tena magharibi, tena kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekiona. Saumu hakubishana naye. Alimweleza tu kwamba ule mguu haukujivuta, akampa mtoto aujaribu mwenyewe. Bi Kidawa akampiga kidole unyayoni, akasubiri, akampiga tena kwa nguvu zaidi. Kisha akaenda kutafuta viatu vya binti yake bila kusema neno.

*

Nesi Veronika alikuwa akifunga. Alimlaza mtoto juu ya meza, akamtazama chini ya taa ya chumba, na akaanza kusema alichokuwa akikisema kila jioni. Saumu alimkatiza, akamweleza alichokiona dirishani. Nesi alichukua tone la damu kisiginoni, akaliweka kwenye kipimo, akaisoma namba, akaisoma tena, kisha akakaa kwenye kiti.

Alieleza kwa sauti ya kawaida, ile ya watu waliozoea kutoa habari mbaya. Umanjano wa watoto wachanga huja kwa wengi na huondoka wenyewe. Ukipanda sana huingia kwenye ubongo, na mtoto husinzia, huacha kunyonya, hulegea. Akipona bila kutibiwa anaweza kubaki kiziwi, au asikae wala kusimama. Dawa yake ni mwanga, na si mwanga wowote. Ni ule wa buluu unaoivunjavunja njano ndani ya ngozi ili mwili uitoe.

"Taa ninayo," alisema Nesi. "Iko stoo. Lakini inasikiliza Machweo kama taa zote. Mpaka asubuhi itawaka rangi ya chai."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mkoani mchana ule na lisingerudi kabla ya alfajiri. Na hata wangepata gari lingine, safari ya mkoani ilikuwa ya usiku mzima kwa barabara ile. Nesi alisema kwa namba aliyoiona yeye asingesubiri.

Saumu alikuwa na siri moja kuhusu Machweo. Fundi yeyote huacha mahali pa kuingilia, na yeye alijiachia ufunguo wa kujaribia, unaoweza kukitoa kifaa kimoja tu katika amri ya ishara. Baraza halikuujua, wala usingeacha alama popote. Alikuwa hajawahi kuutumia tangu mji uyakubali Machweo, na alijivunia hilo.

Aliutumia sasa, hata hakufikiri. Nesi aliipangusa taa vumbi, Saumu akaingiza nambari ya taa hiyo kwenye kishikwambi chake, na buluu ikawaka mezani. Walikuwa hawajaiona jioni kwa muda mrefu kiasi kwamba Mwanakombo alijikinga macho. Mtoto alivuliwa, akafungwa kitambaa usoni, akalazwa chini yake. Nesi akampitishia mrija mwembamba puani, Mwanakombo akakamua maziwa kwenye kikombe, na Bi Kidawa akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Hapo ingeweza kwisha. Saumu alifunga mlango ili mwanga usionekane nje, akashusha na pazia.

"Mwaka mzima sijaitoa taa hii stoo," Nesi Veronika alisema. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na mrija mtupu mkononi. "Tuliandika kwenye ripoti kwamba umanjano umepungua Kwambegu. Mkoa wakatupongeza. Nilidhani ni lishe."

Saumu aliendelea kunyoosha kona za pazia.

"Wiki hii nimekagua watoto wanne kwa kioo, Bi Saumu, bila huyu wako. Wawili mama zao wameniambia wanalala vizuri sana. Nami nikawaambia hongera. Na wapo wanaozalia nyumbani ambao siwajui hata kwa jina."

"Wapigie hao wawili waje."

"Nitawapigia. Na wale nisiowajua?"

Saumu alimkumbuka mtoto wa Chambuso, jirani yake. Sasa mtoto huyo alikuwa anaanza kutembea, mchangamfu, lakini ukimwita hageuki. Chambuso alikuwa akisema mwanawe ni mkaidi. Zamani, mtoto alipokuwa mchanga, Chambuso alikuwa akimsifu kwa usingizi wake, na alikuja mpaka mlangoni kwa Saumu na sahani ya visheti kumshukuru. Saumu alivila visheti vile.

Alitafuta njia ya katikati, kama fundi anavyotafuta. Wapelekewe watu ujumbe tu, watazame watoto wao. Lakini wangewatazama chini ya mwanga uleule na wasione kitu, kama Bi Kidawa alivyoinama juu ya jicho na asione kitu, kisha wangerudi kulala wakiwa na uhakika zaidi. Wasubiri asubuhi basi. Asubuhi vyumba vya wazazi vimetundikwa khanga, na kuna mtoto ambaye asubuhi kwake ingekuwa mbali mno. Ufunguo wake wa siri ulifungua kifaa kimoja tu. Kwa mji mzima kulikuwa na amri moja, naye ndiye aliyeiandika makusudi isiwe na nusu. Ikifunguliwa, inabaki wazi mpaka jua lizame tena.

Na baada ya hapo mkataba umekufa. Wenye makampuni wangekuwa mahakamani kabla ya saa ya chai. Mng'ao ungerudi, na baada yake kukesha, macho mekundu, na malori ya alfajiri. Alijaribu kuwahesabu madereva wa Kwambegu waliokuwa hai kwa sababu ya Machweo akashindwa, kwa sababu mtu ambaye hakufa hana wa kumwonyesha. Wale watoto nao hakuwajua hata idadi. Aliuona ubaya wa pande zote mbili sawasawa na hakuna hesabu iliyomtoa hapo.

Kilichomtoa ni pazia. Aliliona alivyolishusha, likiwa limefungwa vizuri kona zote, mjukuu wake akiwa ndani na buluu pekee iliyokuwepo mjini. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio.

"Mama," Mwanakombo alimwita taratibu, kama aliyemsoma mawazo. "Ukifungua watakufanya nini?"

"Kazi wataninyang'anya. Mengine sijui."

"Na Machweo ya baba?" Hivyo ndivyo walivyoyaita nyumbani kwao, ingawa marehemu hakuwahi kuyaona.

"Baba yenu alilala kwa sababu hakuna aliyemwamsha," Saumu alisema. "Hawa nitawaamsha."

Aliandika maneno machache ya kutokea kwenye kila kioo mjini. Yalisema Machweo yamefunguliwa na aliyeyafungua ni yeye peke yake. Yalisema kabla ya lolote, kila mwenye mtoto mchanga ambebe, amfunue jicho, atazame weupe wake. Ukiwa wa njano, au kama mtoto analala na hanyonyi, aletwe zahanati sasa hivi, kwa sababu usingizi ule si zawadi. Akayasoma tena, akaongeza "nisameheni", akaifuta, akairudisha. Kisha akatoa amri.

*

Weupe uliingia chumbani kwa ghafla, ukauzidi nguvu hata ule mwanga wa buluu. Mji ulitoa sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa ya shangwe. Watu walipiga vigelegele. Mahali fulani kioo kikubwa cha matangazo kilichokuwa kimekaa kimya jioni zote kiliamka na kuanza kuuza sabuni. Vijana walitoka barabarani na simu zao juu, wanacheka, na Saumu akasimama kwenye ngazi ya zahanati akiwasikiliza. Hakuwa amefikiria kwamba watafurahi.

Shangwe ikapungua nyumba baada ya nyumba, kadiri watu walivyofika kwenye ujumbe wake na kuusoma. Kwenye dirisha la ng'ambo, mwanamke mmoja alionekana akiinua kitu kukipeleka karibu na taa. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha taa ikabaki inawaka na mwanamke hayupo tena dirishani.

Simu ya Saumu ikaanza kuita. Ni Mzee Makange, mwenyekiti wa baraza. Aliuliza swali moja tu, kama ni kweli amefungua yeye au mfumo umevamiwa, na Saumu akaelewa kwamba anarushiwa kamba. Angesema umevamiwa, mkataba ungepona, na pengine yeye pia. Lakini jioni nyingine watu wangerudishiwa mwanga uleule na wasijue kwa nini wanapaswa kuuogopa.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Kesho nitakuja kwa miguu yangu. Sasa hivi nina wageni."

Walikuwa wanaingia uani. Mbele kabisa alikuja kijana aliyevaa ndala tofauti kila mguu, kifuani amebeba furushi, na nyuma yake mkewe amejifunga khanga juu ya khanga, mzazi wa juzi. Nyuma yao walikuja wengine wawili, wasiojuana, kila mmoja ametoka na mtoto wake bila kungoja gari. Hakuna aliyepiga kelele. Walimpita Saumu ngazini, wengine wakimtazama na wengine wakishindwa kumtazama.

Ndani, Nesi Veronika alichukua damu visiginoni mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza namba yake ilikuwa mbaya karibu kama ya Mbaruku. Wa pili pia alihitaji taa. Wa tatu alirudishwa kwa mama yake na maelekezo, na mama yule akakaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Taa ilikuwa moja, na meza moja.

"Bi Saumu," alisema Nesi. "Msogeze wako kidogo."

Bi Kidawa alitaka kusema neno, akaliacha. Saumu alimsogeza mjukuu wake kuelekea ukingo wa mwanga, upana wa kiganja, kisha kiganja kingine, mpaka watatu wakaenea, mabega yakigusana, wote wamefungwa vitambaa usoni. Aliweka mkono wake ukingoni asianguke. Sehemu ya mwanga aliyompunguzia aliijua vizuri kuliko mtu yeyote mle chumbani, maana kupima mwanga ndiyo kazi yake, na hakumweleza Mwanakombo.

Wakakaa. Nje mji ulikuwa macho, redio zinaongea, watu wanabishana barazani, na wengine walikuwa wamekwisha anza kumlaani. Isha ikaadhiniwa. Nesi alipitisha maziwa kwenye mirija, akapita tena. Mtoto wa yule kijana wa ndala alipiga chafya, na baba yake akaruka kama aliyepigwa shoti.

Saumu aliogopa kujaribu. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, Bi Kidawa ndiye aliyenyoosha mkono, akaushika mguu wa mjukuu wao na kuupiga unyayo kwa kidole, mara moja, kwa nguvu.

Mguu ukajivuta. Si sana. Kisha mdomo ukakunjika, kifua kikajaa, na Mbaruku akalia, kilio chembamba chenye hasira, cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa. Mwanakombo akaruka kutaka kumbembeleza.

"Mwache," Saumu alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi kwenye ule mwanga mweupe. "Mwache alie, mwanangu. Asinyamazishwe na mtu."